Jirani mwema au kitambulisho? Somo la Wasyria wa Yordani na Uswidi

Tangu Bashar al-Assad akimbie Damascus mwezi wa Disemba 2024, mazungumzo ya wakimbizi wa Syria yamerudi mabarazani kwetu. Mmoja husema waliobaki nchi za Kiarabu ndio waliobahatika, kwani wako na watu wa dini moja na lugha moja, adhana wanaisikia na watoto wao hawapotei. Mwengine humjibu kuwa lugha haimlipii mtu kodi ya nyumba, na kwamba waliofika Ulaya ndio waliopata maisha. Kila mmoja ana jamaa aliyeko ng'ambo wa kumtolea ushahidi, na magharibi huadhiniwa kabla hawajapatana.

Ubishi huu una pa kupimwa. Yordani ina watu takriban milioni 11, na Uswidi ina milioni 10 na nusu. Zote mbili zimepokea Wasyria kwa malaki, lakini kila moja imewapokea kwa njia yake. Tukizitazama kwa pamoja, tutajua ni kitu gani hasa humfanya mgeni aishi vizuri.

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wa Daraa, mji wa kusini mwa Syria ambako maandamano ya mwaka 2011 yalipamba moto. Ndugu hawa ni wa kubuni, lakini njia walizopita wamezipita maelfu ya watu.

Ndugu aliyevuka mpaka

Wa kwanza alivuka mpaka tu. Kutoka Daraa hadi Ramtha, mji wa kwanza wa Yordani, ni kilomita chache. Watu wa pande hizo mbili huoana, hufanya biashara pamoja, na hata lahaja yao ni moja. Mwezi wa Julai 2012 kambi ya Zaatari ilifunguliwa kilomita 12 hivi kutoka mpakani, na kufikia mwaka 2013 ilikuwa na zaidi ya watu laki moja. Barabara yake kuu ikageuka soko la nguo za harusi, simu, mikate na kuku wa kuchoma. Hata hivyo, wengi wa Wasyria wa Yordani hawaishi kambini. Karibu wanane katika kila kumi wamepanga vyumba katika miji ya Amman, Irbid na Mafraq.

Ndugu huyu hakuhitaji mkalimani. Siku ya kwanza alijua kumsalimia jirani, kumuuliza bei muuza mboga na kuswali msikiti wa mtaa. Watoto wake walipata shule. Serikali ilifungua zamu mbili katika shule zaidi ya 200, watoto wa Yordani asubuhi na wa Syria mchana. Kwa nchi isiyo na mafuta, na yenye uhaba mkubwa wa maji, huo ni ukarimu wa kweli na haufai kudharauliwa.

Shida yake ilianza aliposema anataka kufanya kazi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yordani ilimpa mgeni chumba, lakini jembe ikaliweka juu ya kabati. Nchi hiyo haikutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Inafanya kazi na UNHCR kwa makubaliano ya mwaka 1998, na mkimbizi anahesabika kama mgeni anayengoja kwenda kwingine. Miaka ya mwanzo, Msyria aliyeshikwa akifanya kazi bila kibali aliweza kurudishwa kambini.

Mwezi wa Februari 2016, katika mkutano uliofanyika London, Yordani iliahidi kufungua nafasi za kazi zipatazo laki mbili kwa Wasyria. Wafadhili nao wakaahidi fedha, na Umoja wa Ulaya ukaahidi kulegeza masharti kwa bidhaa za viwanda vinavyowaajiri. Mwaka 2021, ambao ulivunja rekodi, vibali vilivyotolewa vilikuwa kama elfu 62. Vingi vilikuwa vya mashamba, mijengo na viwanda. Daktari, mwalimu, mhandisi na wakili kutoka Syria walifungiwa kazi zao, na wanawake walipata sehemu ndogo sana ya vibali. Tusiilaumu Yordani bila kufikiri, kwani raia wake wenyewe zaidi ya mmoja kati ya watano wanaotafuta kazi hawaipati. Lakini aliyekuwa mwalimu Daraa leo anachuma nyanya kwa kibarua cha siku.

Matokeo yake ni kuwa takriban theluthi mbili ya wakimbizi wa Yordani wanaishi chini ya mstari wa umaskini, na nyumba nyingi zimejaa madeni ya kodi na ya duka. Katika maduka ya kambini mama hulipia mchele kwa kutazama kifaa kinachosoma mboni ya jicho, na hela hukatwa kwenye posho yake. Mtambo ni wa kisasa, lakini mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoishiwa na fedha, posho hiyo ilishushwa kutoka dinari 23 hadi 15 kwa mtu kwa mwezi. Ada za hospitali nazo zimepanda na kushuka. Matibabu yalikuwa bure hadi 2014, yakawa ghali 2018, kisha yakapunguzwa 2019. Mkimbizi hakuulizwa, na hakuwa na pa kushtaki.

Ndugu aliyefika kaskazini

Ndugu wa pili alipita Uturuki, akavuka bahari hadi Ugiriki, akatembea nchi za Balkani hadi Uswidi. Mwaka 2015 peke yake watu 162,877 waliomba hifadhi huko, na Wasyria ndio waliokuwa wengi zaidi. Walikuwa na sababu ya kuichagua. Mwezi wa Septemba 2013 Uswidi ilitangaza kuwa Wasyria waliokuwa wakiomba hifadhi watapewa ukaazi wa kudumu. Leo wazaliwa wa Syria, karibu laki mbili, ndio kundi kubwa kuliko yote la watu waliozaliwa nje ya Uswidi.

Alipokubaliwa alipata nambari ya usajili, na nambari hiyo ndiyo ufunguo wa kila mlango: benki, hospitali, shule, nyumba. Aliingizwa katika mpango wa miezi 24 wa kumtayarisha kwa kazi, akisomeshwa Kiswidi bila malipo na kulipwa krona 308 kwa siku, siku tano za wiki. Watoto walisoma na kula shuleni bure. Mke wake alipata mahali pa kuwaacha wadogo kwa ada nafuu ili naye asome. Baada ya miaka michache familia ikaomba uraia, na Wasyria kwa makumi ya maelfu wamekwishaupata.

Kwa pesa, basi, hakuna mashindano. Ndugu wa Uswidi anakula, anatibiwa na analala bila hofu ya kufukuzwa na mwenye nyumba. Lakini yeye pia jembe lilimchelewa. Uswidi ina kazi chache zisizohitaji cheti, na cheti cha Damascus hupimwa upya. Daktari lazima afaulu mitihani ya udaktari na lugha kabla ya kugusa mgonjwa, na hilo humla miaka. Ukosefu wa kazi kwa waliozaliwa nje ni takriban mara tatu ya ule wa wenyeji. Mtu mzima aliyekuwa na duka lake na jina lake mjini anakaa darasani na vijana akijifunza kutaja rangi na siku za wiki. Hawi na njaa, lakini heshima aliyoizoea imeondoka.

Kisha kuna mtaa. Kati ya 1965 na 1974 Uswidi ilijenga nyumba milioni moja pembezoni mwa miji. Wenyeji walipohama, wageni walihamia. Rosengård ya Malmö, alikokulia mchezaji kandanda Zlatan Ibrahimović, na Rinkeby ya Stockholm, wanakoishi Wasomali wengi, ni mitaa ya aina hiyo. Mtoto anaweza kusoma shule nzima asikutane na Mswidi wa asili isipokuwa mwalimu wake. Magenge yanayouza dawa za kulevya huwasajili vijana wadogo. Corona ilipoingia mwaka 2020, chama cha madaktari Wasomali wa Uswidi kilieleza kuwa kati ya watu 15 wa kwanza kufariki Stockholm, 6 walikuwa Wasomali. Madaktari hao walitaja msongamano wa nyumba na habari ambazo hazikufika kwa lugha inayoeleweka. Na wasomaji wetu hawajasahau siku ya Idi kubwa mwaka 2023, Qurani ilipochomwa nje ya msikiti wa Stockholm kwa ruhusa ya polisi.

Ushahidi uko Yordani yenyewe

Hapa barazani wangesema wote wawili wana haki: mmoja ana jirani bila pesa, mwengine ana pesa bila jirani. Mimi naona mizani inalala upande mmoja, na ushahidi wangu hautoki Ulaya. Uko Yordani yenyewe.

Wapalestina waliokuwa Yordani na Ukingo wa Magharibi baada ya vita vya 1948 walipewa uraia, na sheria ya mwaka 1954 ikauthibitisha. Leo wao na wajukuu wao utawakuta katika benki, vyuo vikuu na biashara kubwa za Amman. Wapalestina waliotoka Gaza mwaka 1967 hawakupewa. Wana pasipoti za muda zisizo na uraia, hawaajiriwi serikalini, na kazi nyingi za kitaalamu wamezuiwa. Baadhi yao wako Jerash, katika kambi inayojulikana kwa jina la Gaza, ambayo ndiyo maskini kuliko kambi zote za Wapalestina nchini humo. Watu hao ni wa asili moja, dini yao moja, lugha yao moja, na nchi iliyowapokea ni hiyo hiyo moja. Kilichowatenganisha ni karatasi, na karibu miaka 60 ya ujirani mwema haijaweza kuziba pengo hilo.

Karatasi humpa mtu sauti pia. Uswidi, mgeni aliyesajiliwa kwa miaka mitatu hupiga kura za mitaa hata kabla ya kuwa raia. Mwaka 2018 Leila Ali Elmi, mzaliwa wa Somalia aliyevaa hijabu yake, aliingia bunge la nchi hiyo. Mkazi wa Zaatari hana diwani wa kumlalamikia posho ikikatwa.

Ni kweli kuwa Uswidi yenyewe imeanza kuichana karatasi hiyo. Mwaka 2016 ilipitisha sheria ya vibali vya muda na kuzuia baadhi ya watu kuleta familia zao, na mwaka 2021 vibali vya muda vikawa ndio kawaida. Chama cha Sweden Democrats, kinachopinga wahamiaji, kilishika nafasi ya pili katika uchaguzi wa 2022. Serikali inayoungwa mkono na chama hicho ilitangaza mwaka 2024 kuwa itapandisha fedha anazopewa anayekubali kurudi kwao hadi krona 350,000. Lakini tazama nani ana hofu leo. Ni yule aliyechelewa, mwenye kibali cha muda. Aliyepata uraia mapema anazisoma habari hizo kisha anakwenda kuzipigia kura.

Assad alipoanguka, tofauti hiyo ilionekana wazi. Kutoka Yordani zaidi ya Wasyria laki moja wamerudi kwao, wengi kwa mapenzi ya nyumbani, na wengine kwa sababu posho haitoshi tena. Anayerudi anahatarisha nafasi aliyokuwa nayo ya ukimbizi, kwa hiyo hana nafasi ya kujaribu. Mwenye pasipoti ya Uswidi anaweza kwenda Daraa kuangalia kama nyumba ya baba bado imesimama, akarejea kazini Jumatatu, akafikiri. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kurejea ni haki ya kila mtu, ila ni vyema arejee kwa kuchagua.

Na sisi je?

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Wazee wa Mombasa wanazikumbuka kambi za Utange, Benadir na Swaleh Nguru za miaka ya 90. Ndani yake walikuwemo Wabajuni na Wabarawa, watu wa lahaja zetu na wa damu zetu. Tuliwapelekea chakula, na baadhi yetu tuliwaozesha. Lakini serikali ilipoamua kuzifunga, udugu haukuzuia lori. Waliokosa nchi ya kuwachukua walipelekwa Dadaab na Kakuma.

Ndugu zetu Wapemba wa Kilifi na Kwale nao walivua na sisi, wakaswali na sisi na kuzikana na sisi kwa miongo mingi bila kitambulisho. Hawakuweza kusajili laini ya simu wala kuweka pesa zao M-Pesa kwa majina yao. Tuliwapenda, lakini mapenzi yetu hayakuwasajilia chombo. Lililowabadilishia maisha ni kutambuliwa rasmi kuwa raia, mwezi wa Julai 2023.

Leo Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwezi wa Machi 2025, unaolenga kuzigeuza Dadaab na Kakuma kuwa makaazi ambamo mkimbizi anafanya kazi na kuishi na wenyeji. Mwaka huo huo posho za chakula zilipunguzwa kambini humo, kama zilivyopunguzwa Zaatari. Ukiulizwa mpango huo utapimwa kwa nini, usitazame hotuba wala ukubwa wa fedha za wafadhili. Uliza mkimbizi aliyezaliwa Dadaab, ambaye leo ana miaka 30, amepewa karatasi gani mkononi, na karatasi hiyo inamruhusu kufanya kazi gani, katika mji gani.

Ukarimu tunao, na hatuhitaji kufundishwa na Uswidi. Tulichokosa mara nyingi ni kuuandika.