Pweza wa Forodhani

Jioni za wiki hii pale Forodhani, Mji Mkongwe, meza za wachomaji zimejaa kama kawaida: mishikaki ya jodari, kamba, ngisi, na pweza aliyekwisha kuchemshwa akalainika, anasubiri makaa. Ila pweza wenyewe wamekuwa wadogo. Mmoja niliyeoneshwa angeenea kiganjani. Nami pweza nampenda, wa kuchoma, kwa ndimu na pilipili, na maji ya miwa yenye tangawizi pembeni, kwa hiyo nayasema haya kwa mapenzi. Pweza hukua upesi mno, na jike hutaga mara moja tu maishani: hujifungia pangoni akiyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Ukimvua kabla hajataga, umevua na wajukuu. Watu wa Kisiwa Panza kule Pemba, na wa Kizimkazi huku Unguja, wanalijua hili. Hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, kisha siku ya kufungua kina mama na vijana hushuka maji yakitoka, vijiti mkononi, wakarudi na pweza wa haja. Subira ile ni kazi, tena ya watu wanaohitaji pesa leo. Anayeivunja si mvuvi peke yake: mlaji anayelipia pweza mchanga ndiye aliyemwagiza. Mchomaji wangu nimeshamwambia, nitasubiri maji ya bamvua, aniletee mkubwa, na bei yake nitailipa bila kuvutana.