Mtoto anafuga viwavi? Usimwage kopo lake bado

Mvua zikishakolea na mahindi yakafika magotini, mzazi wa Tarime au Serengeti anaweza kukuta jambo ambalo hakulitarajia: kopo la plastiki chini ya kitanda cha mtoto, limefungwa kitambaa, ndani yake majani yaliyotafunwa na viwavi wanaotambaa. Mama anashtuka. Bibi, ambaye ameshaona shamba zima likiliwa, haulizi mara mbili. “Mjukuu wangu, hao ndio wanaotumaliza,” anasema, na kopo linaelekea jalalani.

Hofu ya bibi ina msingi. Viwavijeshi vamizi waliripotiwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa wameshafika Tanzania. Hujichimbia kwenye moyo wa mmea wa mahindi, wakala majani machanga na kuacha kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao. Kwa familia inayotegemea shamba moja kupata ugali wa mwaka mzima, huyo si mdudu wa kuchezea. Lakini si kila kiwavi ni yeye, na kopo la mtoto ni mahali pazuri pa kujifunza kuwatofautisha.

Wa kuanza naye ni kiwavi wa mlimau. Akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na doa jeupe, kiasi kwamba ukimtupia jicho utadhani ni kinyesi cha ndege. Ndiyo kinga yake. Akikua hugeuka kijani. Mtoto akimgusa kwa ncha ya jani, pembe mbili laini zenye rangi ya machungwa huchomoza nyuma ya kichwa na kutoa harufu kali. Watoto hurudia mchezo huo mpaka kiwavi anachoka, na hapo mzazi awakataze. Kiwavi huyu hali mahindi hata akiwekewa. Anataka majani ya mlimau, mchungwa au mndimu, na yawe mabichi kila siku.

Nyumba yake haina gharama. Kidumu cha lita tano kilichokatwa juu kinatosha, kikifunikwa kipande cha chandarua chakavu na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Bakuli la maji halihitajiki, maana kiwavi hupata maji kwenye jani na anaweza kuzama humo. Kinyesi kitolewe kila asubuhi, la sivyo ukungu utaota. Kijiti kisimamishwe ndani, kwa sababu siku moja kiwavi ataacha kula, atapanda, atajifunga kwa uzi mwembamba kiunoni na kuwa pupa. Wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi, hakuna kinachoonekana kutokea. Kwa mtoto wa darasa la pili hicho ni kipindi kigumu kuliko vyote. Kisha hutoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano, ananing'inia mpaka mabawa yanyooke na kukauka, ndipo anaruka. Huko Amani, mkoani Tanga, wanakijiji walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, mpaka Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Wa mahindini ana masharti mengine. Kichwani ana mistari kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangika kama kona za mraba. Kila mmoja akae kwenye kopo lake, kwani wakibanana hulana wenyewe kwa wenyewe. Chini awekewe udongo wenye unyevu kidogo, maana yeye hugeuka pupa ardhini. Juu pawe na kitambaa cha shuka, si chandarua, kwa sababu vilivyo vidogo sana hupenya matundu.

Na huyu hafunguliwi. Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, na jirani ana shamba pia. Akishakuwa pupa anakwenda kwa kuku. Mtoto aambiwe hivyo siku ya kwanza, kabla hajampa jina. Huenda akalia, lakini kilio hicho ni chepesi kuliko cha mtoto anayerudi shuleni na kukuta kopo tupu bila maelezo. Mtoto aliyedanganywa juu ya kiwavi hatauliza tena jambo kubwa zaidi.

Viko vya kuacha kabisa. Viwavi wenye manyoya huwasha vibaya, wasishikwe kwa mkono. Viluwiluwi vya mbu kwenye kopo la maji si wa kufuga nyumbani, malaria tuliyonayo inatosha. Na majani yasichumwe shamba lililopigwa dawa karibuni, kwa ajili ya kiwavi na zaidi kwa ajili ya vidole vya mtoto.

Wakati mwingine kiwavi wa mahindini hulegea na kufa akiwa bado mdogo, na pembeni yake pakabaki kifuko cheupe kidogo kuliko punje ya mchele. Mtoto atadhani ameharibu. Kopo lisimwagwe, lisubiriwe siku kadhaa. Atakayetoka ni nyigu mdogo mno, asiyeuma watu, ambaye mama yake aliingiza yai mwilini mwa kiwavi naye akakua akimla kwa ndani. Watafiti wa icipe, Nairobi, wamekuwa wakichunguza nyigu wa aina hiyo kama silaha dhidi ya viwavijeshi. Yeye ndiye wa kufunguliwa katikati ya mahindi, na baba aliyekwishajaza bomba la dawa aitwe aje aone kwanza, maana dawa ile ile humuua na nyigu.