Tunalipia Muziki, Hatumlipi Mwimbaji

Mwaka 2001, mwana wa Kagera, Saida Karoli, alipotoa "Maria Salome", aliyeutaka wimbo ule alinunua kaseti. Leo hapa Buganguzi kijana hununua bando, au humlipa mwenye kompyuta amjazie nyimbo kwenye kadi ya simu. Husemwa kwamba watu wameacha kununua muziki. Sikubaliani. Fedha bado inatoka mfukoni, ila imebadili njia, nayo humfikia msanii kwa shida. Anayeimba Kihaya, mwenye wasikilizaji wachache, huumia zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Napendekeza wajaza nyimbo wapewe leseni nafuu, ada yake imfikie mwimbaji. La sivyo, wapiga enanga wataiacha kazi hiyo.