Urembo wa mlango usigharimu kifua cha mtoto

Wanaojenga kidogo kidogo wanaujua mwanya unaobaki kati ya fremu ya mlango na ukuta. Huzibwa kwa ubao mwembamba uliochongwa ukingo, ambao ni urembo wa mlango. Ili kuokoa gharama ya fundi, wapo kina baba wanaofunga mashine ya ruta chini ya meza, kisu kikachomoza juu, na kuchonga urembo huo wenyewe uani.

Kazi hiyo inawezekana. Tatizo ni kwamba uani ndiko watoto wanakocheza na ndiko nguo zao zinakoanikwa.

Maranda makubwa huanguka chini na kufagiliwa. Vumbi laini, hasa la kupiga msasa, ndilo la kuogopwa. Halionekani vizuri kwa macho, huelea hewani kwa muda mrefu na huingia ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Hatari hiyo ni ya anayelivuta kwa miaka mingi. Kwa mtoto mwenye pumu, hata saa moja ya vumbi inaweza kuamsha kikohozi na kubanwa kifua. Mvule unafahamika kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu, na MDF hutoa vumbi laini sana lililochanganyika na gundi.

Hivyo meza ikae mbali na madirisha, upande ambao upepo unapeleka vumbi nje ya nyumba. Kazi ifanyike watoto wakiwa shuleni, na nguo zianuliwe kwanza. Kwenye nyumba ya kupanga, majirani waambiwe mapema nao wafunge madirisha.

Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inayofaa ni ya N95 au FFP2, iliyobana vizuri usoni. Miwani ya kazi na vizibo vya masikio navyo vivaliwe, kwa sababu kelele ya ruta hudhuru masikio taratibu.

Vidole navyo vinahitaji ulinzi, maana kisu cha ruta kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kwenye meza, ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukikabili mzunguko wa kisu. Ukisukumwa kinyume, kisu huunyakua na mkono hufuata. Achonge kidogo kidogo, kwa awamu mbili au tatu, akitumia kijiti kusukumia. Urembo mwembamba uchongwe kwanza kwenye ubao mpana, kisha upasuliwe. Glovu na mikono mirefu inayoning'inia havifai, kwani vinaweza kunaswa. Kisu kibadilishwe baada ya waya kuchomolewa, na mashine isiachwe kwenye umeme hata kwa dakika ya kwenda kunywa maji.

Baada ya kazi, vumbi lisipeperushwe kwa upepo wa mashine wala kufagiliwa likiwa kavu. Mashine ikishachomolewa, sakafu inyunyiziwe maji kidogo ndipo ifagiliwe, na meza ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Hatua inayosahaulika ni nguo. Mtoto humkimbilia baba na kumkumbatia, uso ukazama kwenye shati lililojaa vumbi. Shati livuliwe nje, baba anawe uso na mikono, ndipo ampakate mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Vumbi likiingia jichoni, lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi mengi. Kidole kikikatwa, kibanwe kwa kitambaa safi, kiinuliwe juu, na majeruhi aende hospitali, ambako ataulizwa pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mtoto anayepumua haraka, anayetoa mlio kifuani, ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa au anayeshindwa kuzungumza, apelekwe hospitali mara moja. Urembo unaweza kusubiri hadi wiki ijayo.