Acheni Kukatakata Ekzosi za Silinda Sita

Kuna ugonjwa umeingia mjini. Msee anapata gari la zamani la silinda sita, labda Datsun 240Z iliyolala kwa boma la babu yake miaka na miaka, labda BMW 325i ya miaka ya themanini, na kabla hajabadilisha hata oili, analipeleka likakatwe sailensa. "Nataka iongee," anamwambia fundi. Inaongea kweli. Inaongea saa nane za usiku South B nzima ikisikia, mtoto wa jirani analia, mbwa wanaitikia, na msee anaamini ameongeza nguvu za farasi.

Hajaongeza kitu. Mara nyingi amepunguza.

Tuichukue hiyo 240Z, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Hili ni gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Matope yetu na vumbi letu ndivyo vilivyolipa jina. Zilizobaki ni chache. Kila moja inayokatwakatwa na mtu aliyetazama video mbili kwa simu haitarudi, na ile manifoldi yake ya chuma cha kusubu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikipimwa kwa kilo.

Sasa sikiliza injini yenyewe. Silinda sita kwa mstari huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Gawanya tatu za mbele na tatu za nyuma, uone: moja ni ya mbele, tano ya nyuma, tatu ya mbele, sita ya nyuma, mbili ya mbele, nne ya nyuma. Zinapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, na hakuna anayegonga mchi wa mwenzake. Ndiyo maana ekzosi nzuri ya injini hii hukusanya silinda tatu za mbele kwenye bomba lake, tatu za nyuma kwenye lake, kisha mabomba hayo mawili yanakutana mbele kidogo. Moshi unaotoka silinda moja unaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo unasaidia kutoa moshi wa silinda inayofuata. Hiyo ndiyo nguvu ya bure ambayo watu wanaitafuta kwa msumeno.

Hapa ndipo wazee wa kijiweni huleta hadithi yao: eti injini "inahitaji kuzuiwa kidogo" ndiyo ivute. Hakuna injini inayopenda kuzibwa pua. Inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi, na kwenye bomba pana mno karibu na injini moshi hupunguza mwendo, ule mvuto ukapotea, gari likawa zito kwenye gia ya pili ukipanda mlima. Wazee waliona gari limedhoofika, wakakosea sababu. Vijana nao wamekosea upande wa pili. Wanavalisha gari bomba la inchi tatu toka mwanzo hadi mwisho, wakati kiwanda kilisema injini hii ya sentimita za ujazo 2,393 ina nguvu za farasi 151, tena kwa vipimo vya ukarimu vya enzi hizo. Inchi mbili na nusu nyuma ya maungio inatosha na kubaki. Ile ya tatu itakupa kazi moja tu, kukwaruza kila tuta la mtaani.

Na kumbuka tuko Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, kwa hivyo injini isiyo na taba inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla hujawasha redio. Una moshi mchache kuliko mtu wa Mombasa, halafu unautafutia bomba kubwa zaidi! Hizo kabureta mbili nazo lazima zipangwe upya ukishagusa ekzosi. Toa plagi uzisome. Nyeusi ya masizi, petroli ni nyingi. Nyeupe, petroli ni kidogo, na valvu zako ziko mashakani. Fundi anayekukabidhi ekzosi mpya bila kugusa kabureta amekuuzia nusu ya kazi.

Kitu kingine ambacho video hazisemi: kwenye injini hii, kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, kabureta juu, moto chini. Mikono myembamba ya chuma inatoa joto kali kuliko ile manifoldi nzito ya zamani. Keti kwa jam ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni uone petroli ikichemka ndani ya kabureta, gari lizime katikati ya njia, na makanga wakupe majina. Weka bati la kukinga joto.

Lakini hili la mwisho si la utani. Wanaopenda kufupisha bomba liishie chini ya gari wanacheza na uhai. 240Z inajulikana kwa kuvuta moshi wake ndani kupitia mlango wa nyuma, hasa mpira wake ukizeeka. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Unasikia kichwa kizito, unadhani ni uchovu, na kando yako kuna mtu amelala usingizi usio wa kawaida. Bomba lipite bampa ya nyuma, na mipira ibadilishwe kwanza. Bei ya mipira ni ndogo kuliko ya hiyo rimu mpya unayoiota.

Wapo pia watakatifu wa maonyesho, wanaotaka kila skurubu ibaki ya kiwandani, na wao nimewachoka. Gari ni la kuendeshwa. Boresha, sawa. Lakini unalipa laki kadhaa kuagiza mikono ya bomba kutoka ng'ambo bila kuomba hata punguzo, kisha unafika Grogan unamkaba koo fundi kwa mia tano. Kuna watu mjini hapa wanajaza bomba mchanga mkavu, wanaziba ncha zote mbili, wanalipasha hadi liwe jekundu na kulipinda bila kulibonyeza hata kidogo. Mlipe huyo. Mpe muda apime kwenye gari lenyewe, maana mikono iliyotoka ng'ambo huenda ilipimwa kwa gari lenye usukani kushoto, na la kwako lina usukani upande wa pili.

Sailensa ibaki. Kanuni za kelele za 2009 zipo na NEMA ina habari nazo, ingawa mimi namhofia zaidi yule mama wa nyumba ya tatu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti. Silinda sita ikipumua vizuri hulia laini, kama kitambaa kizito kinachochanwa polepole, na hiyo sauti haihitaji msaada wako.

Ukitaka kelele tu, panda nganya ya Rongai. Keti nyuma kabisa, juu ya spika.