Usikate Waya za Amplifaya ya Gari Lako Kabla ya Kuzielewa

Leo naomba tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata, tuingie ndani ya gari. Najua kuna watakaouliza mwandishi wa programu anatafuta nini chini ya dashibodi. Jibu langu ni hili: gari la kifahari lililoundwa miaka 20 iliyopita ni mtandao wa kompyuta uliowekewa magurudumu. Anayebadilisha redio ndani yake anafanya kazi ile ile ninayoifanya mimi ofisini, yaani kuunganisha kifaa kipya na mfumo wa zamani ambao waliouunda hawapo tena wa kuulizwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Kama gari lako lilitoka kiwandani na amplifaya yake, usikubali fundi aing'oe wala akate waya hata mmoja kabla hajakueleza mambo matatu: amplifaya hiyo inapokea nini, inawashwa na nini, na inalisha spika za aina gani. Akishindwa kukujibu, chukua ufunguo wako uende nyumbani.

Haja yenyewe ni ya kweli

Simlaumu mtu anayetaka kubadilisha redio. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo zile Mercedes na Lexus za mwanzoni mwa miaka ya 2000 unazoziona Nairobi na Mombasa zimekaa kwetu siku nyingi. Bei zake zimeshuka hadi kijana mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuzifikiria. Injini bado ina nguvu, viti vya ngozi bado vinapendeza, ila redio imepitwa na wakati. Ina kaseti, au CD sita, na Bluetooth haijui ni kitu gani.

Gari lililotoka Japani lina shida ya ziada. Redio za magari ya Kijapani za wakati huo hushika masafa ya 76 hadi 90 MHz, na stesheni zetu za FM ziko kati ya 87.5 na 108. Yaani unapata stesheni chache tu za pembeni. Kuna kile kidude kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa, lakini namba unazoziona kwenye kioo hazilingani tena na stesheni unayoisikiliza. Basi mtu anakwenda Luthuli Avenue, anaona redio ya Android yenye skrini kubwa, na hapo moyo unamtoka.

Mafundi wetu ni hodari, hilo silipingi. Angalia matatu. Lakini kwenye matatu fundi anajenga mfumo wote upya, na kila waya anaujua kwa sababu ameupitisha yeye mwenyewe. Gari la kifahari ni kinyume chake: waya zilipitishwa na mtu mwingine, kwa sababu zake.

Amplifaya ya kiwandani inafanya nini hasa?

Kwenye gari la kawaida, redio husukuma spika moja kwa moja. Ukijua rangi umemaliza: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni ya bodi, nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau ni za nyuma. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kufunga redio hiyo Jumamosi asubuhi.

Kwenye gari lenye amplifaya ya kiwandani, redio haisukumi spika hata moja. Inatuma ishara dogo tu, na amplifaya ndiyo inayoikuza, kuigawa na kuirekebisha. Besi inakwenda kwenye spika kubwa, sauti nyembamba inakwenda kwenye spika ndogo, na mara nyingi ndani yake kuna marekebisho yaliyopimwa kwa ajili ya gari lile lile, na vioo vyake na viti vyake. Ukiiruka amplifaya na kuunga redio mpya kwenye spika moja kwa moja, unaruka kazi hiyo yote. Spika ndogo iliyozoea kupewa sauti nyembamba pekee sasa inapewa besi, na haichukui muda kuungua.

Halafu kuna suala la ohmu. Redio nyingi za dukani zimeundwa kusukuma spika za ohmu 4. Mifumo mingi ya kiwandani hutumia spika za ohmu 2 au chini ya hapo. Ukinusu ukinzani, mkondo wa umeme unakuwa maradufu. Redio yako mpya itapata joto, itajizima, na siku moja haitawaka tena.

Na tafadhali usidanganywe na maandishi ya "50W x 4" kwenye boksi. Hesabu ni nyepesi. Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni kama volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4 upate 207, gawanya kwa ohmu 4, unapata karibu wati 52. Hiyo ndiyo namba ya boksi, na inapatikana pale tu sauti imeharibika kabisa na kuwa mlio wa mraba. Kwa wimbi safi gawanya tena kwa 2: wati 26, na hapo hatujatoa kinachopotea njiani. Kwa hiyo anayekwambia redio mpya ina nguvu kuliko amplifaya yako ya kiwandani, muombe akufanyie hesabu hiyo.

Vizazi viwili, matatizo mawili

Kizazi cha kwanza ni cha waya za shaba. Lexus LS400, iliyozinduliwa mwaka 1989, ni mfano mzuri. Ungeweza kuiagiza ikiwa na mfumo wa Nakamichi. Katika magari ya kizazi hiki, mara nyingi kila chaneli hutumia waya mbili, na amplifaya husikiliza tofauti kati ya waya hizo. Kelele ikiingia, inaingia kwenye waya zote mbili sawasawa, kwa hiyo inafutika. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini matundu ya RCA ya redio ya dukani hayafanyi kazi namna hiyo. Ukiyaunga kwa kukisia, utapata ule mlio wa alternata unaopanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta. Dawa yake ni adapta ndogo ya kulinganisha ishara, na si kununua amplifaya nyingine.

Kizazi cha pili ni cha faiba. BMW 7 Series ya mwaka 2001 ndiyo iliyotangulia kutumia mtandao unaoitwa MOST, na Mercedes E-Class ya W211 ikafuata mwaka 2002. Hapa redio, kibadilisha CD, simu na amplifaya vimeunganishwa kwa nyuzi za plastiki zinazopitisha mwanga mwekundu, vyote katika duara moja, kwa kasi ya karibu megabiti 25 kwa sekunde. Hakuna waya wa sauti wa kukata. Ukitoa kifaa kimoja, duara linakatika na vyote vinanyamaza. Ukikunja uzi ule kwa pembe kali, mwanga haufiki. Kwenye gari kama hili, fundi mwenye koleo na tepu nyeusi ni sawa na mtu anayejaribu kurekebisha seva kwa nyundo.

Waya mmoja, betri mbili

Nikupe mfano ili usidhani nazungumza nadharia. Jirani yangu ana gari la Kijapani la mwaka 2001, la kizazi cha shaba. Fundi mmoja mjini alimfungia redio mpya, sauti ikatoka, pesa ikalipwa. Baada ya siku chache gari likagoma kuwaka asubuhi. Akauziwa betri mpya. Nayo ikafa. Akaambiwa tatizo ni alternata.

Tulichukua kipimo cha umeme tukakiunga kwenye betri, gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Ilikuwa inanywa karibu ampea 1. Ampea 1 kwa saa 24 ni ampea-saa 24. Betri ya ampea-saa 60 inaisha kabisa kwa siku mbili na nusu. Tukafuata waya. Waya wa bluu na nyeupe, ule ambao kazi yake ni kuiamsha amplifaya redio ikiwashwa na kuilaza ikizimwa, uliunganishwa na kinachoamsha redio upande mmoja, na upande wa amplifaya ukapewa umeme wa kudumu. Amplifaya haikuwa inalala. Kuuhamisha waya ule kulichukua dakika kumi. Alternata haikuwa na kosa lolote. Yule fundi hakuwa mwizi. Sauti ilipotoka, yeye alihesabu kazi imekwisha.

Usiandike upya kinachofanya kazi

Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala iliyosomwa na karibu kila mtu wa fani yetu, akiilaumu Netscape kwa kutupa programu yake nzima na kuanza kuiandika upya. Hoja yake ni kwamba ule msimbo wa zamani unaoonekana mchafu umebeba marekebisho mengi ya matatizo ya kweli, na ukiutupa unatupa na maarifa hayo. Mimi naiona amplifaya ya kiwandani hivyo hivyo. Kwa hiyo ningekushauri ufuate mpangilio huu, kuanzia penye gharama ndogo:

1. Kagua spika kwanza. Ule ukingo wa sponji unaoshikilia koni huoza kwa umri. Ukiona umemomonyoka, basi sauti mbaya unayoisikia haitoki kwenye redio wala amplifaya.

2. Tafuta tundu la AUX, au kifaa kinachojifanya kibadilisha CD. Hiki nakipenda sana: redio inaamini inazungumza na CD zake za kawaida, kumbe inapokea muziki wa simu yako. Hakuna kilichokatwa. Ni bora zaidi kuliko vile vidude vya kurusha muziki kwa FM, hasa Nairobi ambako hewa imejaa stesheni.

3. Ukilazimika kubadilisha redio, nunua adapta ya gari lako hasa, yenye soketi zinazoingiana na za kiwandani. Kwa gari la faiba, hakikisha adapta inazungumza MOST.

4. Kubadilisha amplifaya kuwe mwisho. Na ukiibadilisha, badilisha na spika, na upitishe waya mpya. Nusu nusu haifai.

Kuna watakaoniambia amplifaya ya miaka 20 lazima ife. Kweli, kapasita zake huchoka na kuvuja. Lakini kapasita ni kitu cha bei ndogo, na fundi mzuri wa redio anaweza kuibadilisha. Ikifa kabisa, sawa, nenda hatua ya 4 bila majonzi.

Wengine watasema fundi hana michoro ya waya, atajuaje? Hapo lawama naipeleka kwa watengenezaji. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuwataka watoe taarifa za matengenezo kwa mafundi huru, na mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, wakapitisha sheria ya haki ya kutengeneza. Natamani haki hiyo ipande meli pamoja na magari yanayoletwa kwetu. Gari linaloishi Ulaya miaka saba linaweza kuishi Kenya miaka ishirini. Sisi ndio tunaohitaji michoro ile zaidi ya mtu yeyote.

Mpaka siku hiyo ifike, tujitengenezee michoro yetu. Piga picha ya kila soketi kabla haijachomolewa. Andika kila waya ulikotoka na ulikokwenda, tia karatasi hiyo kwenye droo ya dashibodi pamoja na kitabu cha gari. Hiyo redio mpya nayo itazeeka, na atakayekuja kuitoa atataka kujua ulifanya nini.