Mkataba wa Bodaboda ni Lumbesa Yetu Sisi Wenye Mishahara

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wangu kadhaa huja ofisini na maswali yasiyomo katika mtaala wowote ninaoufundisha. Mwalimu, ninunue Boxer au TVS? Ninunue mpya au iliyokwisha tumika? Hayo huyajibu upesi. Nunua ile ambayo vipuri vyake vimejaa Mwanjelwa na ambayo fundi wa mtaani kwako ameifungua mara mia. Ukinunua iliyotumika, linganisha kwanza namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, na usimalize kulipa kabla umiliki haujahamishwa TRA. Swali la tatu ndilo linaloninyima usingizi, nalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: «Mwalimu, pikipiki ya mkataba, kadi huwa ya nani?»

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kijiweni, nieleze. Zipo njia mbili za kuendesha pikipiki ya mtu. Ya kwanza ni ya hesabu: unampelekea mwenye chombo kiasi mlichokubaliana kwa siku au kwa wiki, pikipiki inabaki yake daima. Ya pili ni ya mkataba: unapeleka kiasi kikubwa zaidi kwa muda uliowekwa, mwaka mmoja au zaidi, na mwisho wa muda huo pikipiki inakuwa yako. Mafuta ni yako, oili ni yako, matairi, cheni na bleki ni zako, faini ni zako. Kadi inabaki kabatini kwa bosi mpaka siku ya mwisho.

Najua undani wa jambo hili kwa sababu nami nilikuwa bosi. Machi 2022 nilinunua pikipiki, nikailipia usajili na bima, ikanigharimu jumla ya shilingi 2,900,000. Nikampa kijana mmoja wa Uyole, mtoto wa jirani wa zamani, kwa mkataba wa shilingi 60,000 kwa wiki, wiki 70. Fanya hesabu: 4,200,000. Wakati ule niliiona faida ya 1,300,000 kuwa ya kiasi. Baadaye nilikaa chini na kalamu, nikazingatia kwamba deni lilikuwa likipungua kila wiki, nikakuta kwamba riba niliyomtoza inakaribia asilimia 60 kwa mwaka. Mikopo ya watumishi inayotangazwa kwenye mabango ya benki haifiki hata theluthi ya hapo. Mimi, ninayesimama mbele ya darasa kuwakemea wakopeshaji wa mitaani!

Karatasi ya mkataba niliinakili kwa mwenzangu wa kazini, naye aliipata kwa mwingine. Ni ukurasa mmoja. Mwenyekiti wa mtaa aliupiga muhuri bila kuusoma, na sidhani kama mimi mwenyewe niliusoma vizuri. Kifungu cha nne kilisema kwamba mwendeshaji akishindwa kuleta hesabu kwa wiki mbili mfululizo, mkataba umevunjika na chombo kitarudi kwa mmiliki. Hakikusema lolote kuhusu fedha zilizokwisha lipwa. Cha sita kilisema chombo kikiibwa mwendeshaji ataendelea kulipa.

Mwisho wa Aprili 2023, kijana wangu alikuwa amelipa wiki 58. Asubuhi moja ya ukungu, akishuka kutoka Isyonje na magunia mawili ya viazi, aliteleza kwenye kona akavunjika mguu. Alilala hospitali wiki tatu. Wiki ya kwanza nilimpigia simu kumpa pole. Wiki ya tatu nilimtuma mtu akaichukue pikipiki uani kwao. Ilikuwa imepinda usukani tu; nilitengeneza kwa fedha kidogo, nikampa kijana mwingine kwa mkataba mpya wa 50,000 kwa wiki, wiki 40. Mama wa yule wa kwanza alikuja kwangu kwa miguu siku ya Jumapili, akanikabidhi funguo ya akiba na kofia ngumu. Akasema, «Asante, mwalimu, kwa kumvumilia mwanao.»

Nilipokea funguo. Nilimwagizia soda.

Sasa tuzungumze hoja, maana najua zitakazoletwa. Ya kwanza: «Lakini alikuwa akiitumia pikipiki na akila kwayo.» Ni kweli. Lakini kijiweni pale Uyole, pikipiki ya hesabu isiyo ya mkataba ilikuwa ikiletewa 40,000 kwa wiki. Hiyo ndiyo bei ya kuitumia. Kijana wangu alikuwa akileta 60,000. Ile 20,000 ya ziada ilikuwa ya nini, kama si ya kuinunua? Zidisha kwa wiki 58: shilingi 1,160,000. Hiyo ilikuwa akiba yake, ameiweka kwangu wiki hadi wiki kama mtu awekaye fedha kwenye kibubu, nami nilikivunja kibubu alipokuwa kitandani. Mahali pengine kitendo hicho kina jina lake. Kwetu kinaitwa kuvunjika kwa mkataba.

Hoja ya pili ni ile ya msaada: «Nimemsaidia kijana, asingepata mtaji.» Watu wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua lumbesa. Kila msimu wa viazi viongozi hupanda majukwaani kuilaani: mnunuzi analipia gunia moja huku juu yake ameshonewa kilemba cha gunia jingine nusu. Naye mnunuzi wa lumbesa husema vilevile kwamba anamsaidia mkulima, kwa kuwa bila yeye viazi vingeozea shambani. Huenda ni kweli. Hilo halikigeuzi kilemba kuwa sehemu ya gunia. Mkataba wa bodaboda ni lumbesa iliyoandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri, na tofauti iliyopo ni kwamba hatujamsikia mkuu wa wilaya akiilaani. Pengine naye ana pikipiki mbili mtaani.

Nasema hivyo bila kejeli. Nani wenye pikipiki hizi? Tembea kwenye korido za ofisi za umma za Mbeya au Iringa, uliza taratibu. Ni walimu, wauguzi, maafisa watendaji, askari, wahasibu, wahadhiri. Ni sisi. Tajiri mkubwa hahangaiki na hesabu ya 60,000. Anayehangaika nayo ni mwenye mshahara anayetafuta ada ya mtoto. Ndiyo maana mjadala wetu kuhusu bodaboda huwa wa upande mmoja: anayeandika taarifa, anayetoa semina ya usalama barabarani na anayekaa kikaoni kuamua wapi vijiwe viondolewe mara nyingi ni mpokeaji wa hesabu ya jioni.

Kisha tunashangaa mwendo wao. Nilipokuwa nikifundisha Iringa nilipanda bodaboda karibu kila siku kutoka Ipogolo kwenda mjini, na jioni kurudi. Kupanda ule mlima ni shida ya injini; kushuka ndiko kunakotisha, kwani wengi huzima injini na kuiacha pikipiki iserereke ili kuokoa mafuta, breki zikibeba kila kitu. Siku moja nilimgombeza mmoja wao. Alinijibu kwa adabu yote: «Kamwene, mzee. Saa kumi na moja hii, na hesabu bado elfu nne.» Sikuelewa uzito wa jibu lile mpaka nilipokuwa mimi ndiye ninayesubiri hizo elfu nne. Abiria watatu kwenye kiti kimoja, taa nyekundu kukatwa Kabwe, usiku wa manane kwenye barabara ya malori yanayokwenda Tunduma: mengi ya hayo huanzia kwenye kiasi ambacho lazima kifike kwa bosi, mvua inyeshe isinyeshe. Nidhamu ni neno zuri, lakini mwenye kulihubiri aanze kwa kutaja anapokea shilingi ngapi kwa wiki.

Serikali nayo imegusa pembeni tu. Katika bajeti ya 2021/22 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, jambo jema kabisa; hapo serikali ilipunguza haki yake yenyewe. Mwaka 2017 ilifutwa ada ya mwaka ya leseni ya magari, na pengo likazibwa kwa kuongeza ushuru wa mafuta shilingi 40 kwa lita. Mimi mwenye gari nilishangilia. Kijana anayetia mafuta kila asubuhi hakuulizwa. Na bima tunayomkatia, ile ya mtu wa tatu, humlipa aliyegongwa. Mguu wa mwendeshaji haimo, wala pikipiki yenyewe. Bima kubwa tunaiona ghali. Naam, ni ghali kwetu kwa sababu hasara isipokatiwa bima si yetu.

Haya si mapya duniani. Uingereza ya miaka ya 1930 ilijaa wafanyakazi waliochukua samani na cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, kisha wakanyang'anywa zikiwa zimebaki awamu chache, na muuzaji akaziuza tena. Mbunge wa Jarrow, Ellen Wilkinson, alipeleka muswada binafsi bungeni, na sheria ya 1938 ikaweka kwamba mnunuzi akishalipa theluthi moja, mali haichukuliwi ila kwa amri ya mahakama. Jirani zetu Kenya waliweka kiwango cha theluthi mbili. Kijana wangu alikuwa amelipa karibu theluthi mbili na nusu ya theluthi. Na sisi Tanzania tunayo sheria ya ununuzi wa namna hii vitabuni tangu miaka ya 1960, lakini katika miaka yangu yote sijakutana na mtendaji wa mtaa aliyeitaja kabla ya kubonyeza muhuri wake juu ya karatasi ya bodaboda.

Basi muhuri huo usibonyezwe bure. Halmashauri za Mbeya na Iringa zinaweza kutoa fomu moja ya mkataba kabla ya mwaka huu kwisha, bila kungoja Bunge. Iandike bei ya chombo na jumla itakayolipwa, ili kijana aione riba kwa macho yake. Itenganishe kodi ya matumizi na fedha ya ununuzi, na fedha ya ununuzi irudishwe mkataba ukivunjika. Akishalipa theluthi mbili, pikipiki isiguswe bila baraza au mahakama. Akiugua kwa cheti cha daktari, wiki hizo zihamie mwishoni. Chombo kikiibwa na polisi wakathibitisha, hasara igawanywe. Mtaniambia wamiliki watagoma kutoa pikipiki. Wachache watagoma, ndiyo, na hapo ndipo inapohitajika ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kwa vijana bila riba. Ilisitishwa Aprili 2023, mwezi uleule kijana wangu alipoanguka, ikarejeshwa 2024. Afisa maendeleo ya jamii anayesoma hapa anajua ni vikundi vingapi vya bodaboda vimeomba na vingapi vimepata.

Kijana wa pili nilimwita Januari, tukauandika upya mkataba wake na kadi imekwisha hamishiwa jina lake. Yule wa kwanza anachechemea kidogo, anafanya deiwaka kwa pikipiki za wenzake pale Uyole. Nimemrudishia 600,000. Zimebaki 560,000, na nimemwandikia mama yake kwa mkono wangu kwamba zitafika kabla mvua za Novemba hazijaanza.